Samaki Wakubwa Hutangulia

Watu wanaponiuliza siku hizi nafanya nini baada ya kustaafu, huwajibu kwamba natunza maji. Hucheka, wakidhani mzee ameanza kupotea. Hapa nyumbani kwangu Kamachumu, wilayani Muleba, mbele ya baraza, kuna kidimbwi chenye urefu wa mita nne, upana wa mita tatu na kina cha sentimita 80. Ndani yake wamo samaki wa mapambo: wale wadogo wenye rangi ya dhahabu, koi wanne wenye mabaka meupe na mekundu, na furu wachache ambao wajukuu waliniletea kutoka ziwani ndani ya kopo. Hakuna anayeliwa. Jirani yangu mmoja, mtu wa maneno, aliwahi kuniambia kwamba Mhaya anayelisha samaki pasipo nia ya kumla amekosa migomba ya kupalilia. Humwacha aseme, maana hajui habari ya kidimbwi cha kwanza.

Kidimbwi cha kwanza kilikuwa katika chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake katika miaka ya tisini. Chuo chenyewe sikitaji; waliosoma hapo watakitambua. Mwaka 1993 wanachuo walichimba shimo mbele ya jengo la utawala, tukalijengea kwa mawe na saruji, na rafiki yangu aliyekuwa akisafiri kwenda Nairobi akatuletea samaki wa rangi ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa ikiwa imejaa hewa. Walikuwa ishirini kasoro mmoja. Nilijivunia kidimbwi kile kupita kiasi. Wageni walipofika, niliwapitisha hapo kabla ya kuwaonyesha maktaba, na sasa nikifikiri naona kwamba jambo hilo peke yake lingetosha kunionya.

Mtunza bustani wetu alikuwa mtu wa kisiwa cha Bumbire. Alikuwa amevua tangu utotoni, na mgongo ulipoanza kumsumbua alikuja nchi kavu kutafuta kibarua. Alinizidi umri kwa miaka mitatu au minne, lakini mimi nilikuwa mkuu na yeye alikuwa kibarua, kwa hiyo nilimwita kwa jina lake tupu naye aliniita Mkuu. Kila alfajiri, kabla ya kengele, alikuja na ndoo. Aliteka maji ya kidimbwi, akainua ndoo hadi usawa wa kifua, akayamwaga kutoka huko juu. Akateka tena, akamwaga tena. Alifanya hivyo kwa robo saa au zaidi. Nyumba yangu ilikuwa hatua chache kutoka hapo, na mlio ule uliniamsha kila siku. Wanachuo walimpachika jina la utani ambalo sitaliandika.

Siku moja nilimwuliza maana ya mchezo ule. Akanijibu, "Mkuu, maji yakilala sana, samaki hukosa pumzi." Akaongeza kwamba kwao, wavuvi wa migonji hubeba chambo kikiwa hai ndani ya mtumbwi, na asiyeyapiga maji ya chambo hufika na vitu vilivyokufa. Kisha akaniomba ruhusa aondoe gugu maji. Hapa sina budi kukiri kosa jingine. Gugu maji lile nililileta mimi mwenyewe kutoka ufukweni Kemondo, kwa kuwa nilipenda ua lake la zambarau. Mmea huo ulionekana katika Ziwa Viktoria kwa mara ya kwanza mwaka 1989, upande wa Uganda, na Mto Kagera uliendelea kuuteremsha ziwani kwa wingi. Miaka ile wavuvi walikuwa wakilia kwa ajili yake, nami nikaufanya pambo. Ulikuwa umefunika nusu ya kidimbwi. Nilimwambia auache.

Novemba 1997 tulipata taarifa kwamba wageni wa kutoka wizarani watatutembelea. Nilitoa maagizo mengi, na kati yake yalikuwa mawili ya kidimbwi: kwanza, mchezo wa ndoo ukome, maana haukuwa picha nzuri ya chuo, pili, samaki waongezewe chakula, makombo ya ugali na pumba, ili wanenepe. Wakati huo mvua za El Niño zilikuwa zimeanza. Wenyeji wa Bukoba tumezoea mvua, maana kwa mwaka tunapata kiasi cha milimita 2,000, lakini zile zilikuwa za namna yake. Wingu lilitanda siku tatu mfululizo, jua lisionekane.

Asubuhi ya siku ya nne samaki kumi na mmoja walikuwa wakielea matumbo juu.

Nilisimama pale nikiwa na joho la usingizini, na hasira zangu zikatafuta mtu wa kumwangukia. Karibu na chumba cha mtunza bustani palikuwa na vichaka viwili vya utupa. Kila mtu wa vijijini anaujua mmea huo: hupandwa shambani kufukuza fuko, na majani yake yakipondwa na kutiwa majini huua samaki. Mtu niliyemkataza jambo lake mbele ya watu, tena mwenye utupa mlangoni. Nilihitaji ushahidi gani zaidi? Nilimwita ofisini. Alisema hakuwatia sumu. Alisema hivyo mara moja tu, akanyamaza, na ukimya ule niliuhesabu kuwa ni kiburi. Nilimwandikia barua ya mistari minne kumwachisha kazi. Akaondoka na mzigo wake kichwani siku ileile, na wageni walipofika walikuta maua.

Nilistaafu mwaka 2010. Miaka miwili baadaye nilichimba kidimbwi hiki cha nyumbani, safari hii pasipo gugu maji. Niliweka pampu ndogo ya umeme iliyorusha maji, nikaridhika. Usiku mmoja mwaka 2013 umeme ulikatika, jambo ambalo halikuwa geni, kwa maana mkoa wetu kwa miaka mingi ulikuwa ukipokea umeme kutoka Uganda, nasi tulikaa mwishoni mwa waya. Saa kumi na moja alfajiri niliamka kwa ile haja inayowaamsha wanaume wa umri wangu. Nikamulika kidimbwi kwa tochi.

Samaki walikuwa wote juu, midomo imetokeza, wakifungua na kufumba kama watu wanaosema jambo kwa sauti isiyosikika. Koi wakubwa wawili walikuwa wameshalala ubavu. Wadogo walikuwa bado wana nguvu. Sikuwa na pampu wala umeme, kwa hiyo nilichukua ndoo. Niliteka maji nikayainua hadi kifuani nikayamwaga, nikateka tena nikamwaga tena, na nadhani nilikuwa nimefika ndoo ya kumi au ya kumi na mbili mikono yangu ilipotambua kazi iliyokuwa ikiifanya. Nilisimama na ndoo mkononi. Kisha nikaendelea, maana samaki walikuwa bado wanahema.

Nilifundisha Biolojia miaka kumi na miwili kabla ya kupewa ukuu. Nilijua, na niliwafundisha vijana wa watu, kwamba mimea ya kijani hutoa oksijeni mchana kwa usanisinuru, na kwamba usiku nayo hupumua kama sisi na kuila oksijeni ileile. Maji ya kidimbwi yenye rangi ya kijani yamejaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Jioni maji hayo huwa na oksijeni nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Mwenye kidimbwi hutazama samaki wake wakicheza, akaenda kulala kwa amani. Usiku kucha mwani unapumua, samaki wanapumua, na vijidudu vinavyoozesha makombo na majani yaliyozama vinapumua pia. Hakuna anayerudisha kitu mpaka jua litoke. Kwa hiyo saa ya kifo ni alfajiri, na wingu likitanda siku kadhaa, mwani haupati mwanga wa kulipa deni la usiku, nalo deni huongezeka kila kukicha. Mvua baridi nayo hushuka na kuyapindua maji, yale mabovu ya chini yakaja juu.

Tena maji ni mkoba mdogo sana wa kubebea oksijeni. Lita moja ya maji ya nyuzi 25, usawa wa bahari, hubeba miligramu nane na ushei tu. Hewa tunayovuta sisi ina zaidi ya mara thelathini ya hizo. Maji yakipata joto hubeba pungufu. Ukipanda juu pia hupungua: ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na hapo tayari maji yamepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi, na sisi wa Kamachumu tuko juu zaidi ya ziwa. Samaki wa dhahabu na koi hutaka miligramu tano au zaidi ili wastarehe. Utaona basi kwamba akiba ni ndogo, na kwamba mtu anayetandaza gugu maji juu ya maji, akazuia mwanga na upepo, kisha akamwaga pumba kwa vikapu, kisha akamkataza mtu mwenye ndoo, ameziba kila mlango. Gugu maji halimfai samaki hata mchana, kwa sababu majani yake yako nje na oksijeni yake huenda hewani.

Lakini lililonitesa zaidi ni hesabu ya maiti. Oksijeni ikipungua majini, samaki wakubwa hutangulia kufa, na wadogo hubaki wakinyonya ule utando wa juu unaogusana na hewa. Sumu ya utupa haichagui namna hiyo. Dawa iliyomo ndani yake huzuia mwili wa samaki usitumie oksijeni, hata kama maji yamejaa oksijeni, ndiyo maana naye huhema juu na mtu huweza kudanganyika. Ila utupa huwachukua na wadogo, na viluwiluwi, na wadudu wa majini. Asubuhi ile ya 1997 wakubwa wote walikuwa wamekufa. Wadogo wanane walikuwa hai. Viluwiluwi walikuwa wakicheza pembezoni na mende wa maji walikuwa wakipiga makasia kama kawaida yao. Nakumbuka kabisa kwamba niliwaona. Ushahidi wa kumwachia huru mtu yule ulikuwa ukiogelea mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa natazama utupa.

Jambo hili la kudhani sumu si langu peke yangu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wakubwa waliokotwa wamekufa kwa wingi kwenye pwani za Uganda, na midomo ya watu ikakimbilia sumu. Wataalamu wa huko walieleza kuwa ni upungufu wa oksijeni. Sangara ni samaki mwenye pumzi kubwa. Aliletwa ziwani katika miaka ya hamsini na sitini, akaongezeka ghafla katika miaka ya themanini, na furu wa aina nyingi sana wakatoweka. Wakati huohuo mbolea ya udongo unaosombwa na uchafu wa miji uliongeza mwani, ziwa likawa kama kidimbwi changu: vilindi vyake hukaa miezi kadhaa ya mwaka karibu bila oksijeni, na upepo ukivipindua, samaki hunaswa. Kuna furu mmoja mdogo wa Ghuba ya Mwanza aliyedhaniwa amekwisha, kisha akarudi. Wataalamu walipompima walikuta matamvua yake yamepanuka sana kuliko ya babu zake, na kazi hiyo ilichukua kama miaka ishirini tu. Kamongo naye hana shida. Huvuta hewa juu, hata ukimzuia asifike juu atakufa kwa kuzama, samaki mzima. Nimetoka kidogo nje ya njia, nirudi.

Ilinichukua miezi mitano kumtafuta mtunza bustani. Mwanafunzi wangu wa zamani, mwalimu wa shule ya msingi visiwani, ndiye aliyeniambia kuwa bado yu hai na yuko Bumbire. Sasa, msomaji, lazima ujue kwamba tangu Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na kufika Mwanza na watu wetu wengi mno, sikuwa nimekanyaga chombo chochote cha majini. Nilikwenda Mwanza kwa barabara, safari ya siku nzima, kuliko kuonja maji. Nilipanda mtumbwi wa mashine nikiwa nimeshika ubao kwa mikono miwili, na kijana wa mashine alinitazama kwa huruma.

Nilimkuta chini ya mti akishona wavu. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Tulisalimiana kwa Kihaya, salamu ndefu za kuulizana wa nyumbani mmoja mmoja, na mimi ndiye niliyeanza kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia. Akaleta kahawa za kutafuna. Tulitafuna. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno ya mwalimu, yenye utangulizi na kiini, yote yakanipotea. Nilimwambia, "Kaka, wale samaki walikufa kwa kukosa pumzi. Mimi ndiye niliyewaua. Nimekuja kukuomba msamaha."

Aliendelea kushona kwa kitambo. Kisha akauliza, "Waliotangulia walikuwa wakubwa, sivyo?"

Nikasema ndiyo.

"Niliwaona," akasema. "Nilipita pale alfajiri ile kabla yako. Nilikuwa na ndoo mkononi, nikakumbuka umenikataza."

Baada ya muda mwanamke mmoja alikuja na maji ya kunawa. Alipiga magoti akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na mikono yake ilikuwa ya mtu anayeanika dagaa. Mzee akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa kidato cha pili mwaka ule." Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza aliishia kidato gani. Niliitikia marahaba, nikanawa. Tulikula ndizi na sato. Suala la ada nilitaka kulizungumza, hata nilikuwa na bahasha mfukoni, lakini niliona kwamba kuitoa pale kungekuwa kumlipa mtu bei ya kitu kisichouzwa. Bahasha nilirudi nayo. Hadi leo sijui kama nilifanya vyema.

Badala yake aliniuliza habari za kidimbwi changu. Nikamweleza pampu na umeme. Akataka kujua maji yanaanguka kutoka urefu gani. Nikamwonyesha kwa kiganja. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema bomba lipandishwe hadi kiunoni na litobolewe matundu mengi madogo, ili maji yashuke kama mvua na si kama mkojo wa ng'ombe. Na sababu ni hiyohiyo ya ndoo: maji hupata oksijeni pale yanapogusana na hewa, na tone dogo linaloanguka limezungukwa na hewa pande zote, kisha linapasua uso wa maji na kuutikisa. Pia akasema kidimbwi kipana ni bora kuliko shimo refu jembamba.

Nilipata hekaheka nyingine na jua. Mwanangu alininunulia pampu ya sola isiyo na betri, nikafurahi, hadi nilipogundua kwamba inafanya kazi saa sita mchana, mwani unapokuwa na oksijeni ya kumwaga, na inalala usiku, samaki wanapoihitaji. Sasa tumepatanisha mambo. Mchana pampu hupandisha maji ya kidimbwi hadi kwenye tangi la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa miti. Usiku maji hushuka yenyewe kwa bomba lenye matundu. Silifungui jioni, nisije nikaimaliza akiba mapema bure. Nalifungua saa nane za usiku, kwa kuwa saa hiyo huwa niko macho kwa sababu niliyoitaja, nalo huteremka mpaka karibu saa moja asubuhi. Majani ya mparachichi nayaopoa kila jioni. Chakula natoa asubuhi, jua likishapanda, kiasi cha kuliwa kwa dakika tano, na wingu likitanda sitoi kabisa. Samaki hawafi kwa njaa ya siku mbili. Ndoo iko palepale ukingoni, na wajukuu wanajua kwamba haichukuliwi kwenda kuchotea chochote.

Mzee wa Bumbire ana simu sasa, ile ndogo ya vitufe. Hali ya hewa ya kwao mara nyingi hutufikia sisi baadaye kidogo. Mwezi uliopita alinipigia jioni, nikasikia mawimbi nyuma ya sauti yake. "Mwalimu," akasema, "huku wingu limelala siku ya tatu." Nikamshukuru, nikamwuliza hali ya binti. Akasema yuko salama, yuko kwenye dagaa wake. Usiku ule bomba nililifungua saa nne.